Chungu Tulichovukisha Mtoni

Mama mkwe wangu hakwenda kumtembelea mtu mikono mitupu hata siku moja, na tangu nilipoolewa kwake mikono iliyobeba ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini, mgeni katika nyumba ile ya Nachingwea, na nilikuwa nimeamua kuwa mkamwana ambaye hakuna atakayemsema vibaya. Hiyo ni kazi ngumu kwa mtu mwenye ulimi kama wangu. Kwetu Chiola nilizoea kujibu kabla sijaulizwa. Kwa mama mkwe nilijifunza kusema "ndiyo Mama" na kunyamaza, na mume wangu, aliyekuwa fundi katika karakana, akanisifu kwa hilo, jambo lililoniudhi zaidi.

Mwaka ninaousimulia kazi kubwa ya Wazungu ya kulima karanga ilikuwa imekwisha kuvunjika. Matingatinga yalilala yakiota kutu, Wazungu wengi walikuwa wamefunga mizigo, na vibarua waliotoka kila upande ama walirudi makwao ama walishika jembe. Mdogo wa kiume wa mama mkwe aliacha kazi ile mapema kuliko wengine, tena akiwa bado anahitajiwa. Hakurudi kwao Ruponda. Alikwenda kukaa peke yake kwenye kisiwa kidogo katikati ya mto Mbwemkuru, mbele ya Ruangwa, akilea ndege. Ndivyo tulivyoambiwa, kwamba analea ndege. Nyumbani walisema akili zimemruka. Mama mkwe hakusema lolote, ila mwezi wa Mei, mahindi yalipoanza kukauka shambani, alitangaza kwamba mimi na yeye tutakwenda kumwona.

Tulichukua unga, ufuta na chumvi. Tena tulichukua chungu.

Sisi wa kanisani tulikula panya wa shambani, na sioni haya kuliandika. Majirani zetu Waislamu hawakula. Walitutania, nasi tukawajibu kwamba tunawashukuru kwa kutuachia nyama yote. Panya aliyenona kwa karanga ni kitoweo cha kumpa mtu umpendaye. Kwa kawaida hupelekwa mkavu, amekwisha kubanikwa, lakini mama mkwe alisema wakavu ni wa kuwapa wageni. Mdogo wake tangu utotoni alipenda wabichi, na habari zilizomfikia ni kwamba kule kisiwani hakuna panya hata mmoja. Alilisema hilo kwa huruma nyingi, kana kwamba ametajiwa njaa. Basi alichimbua watano walio hai, akawatia chunguni, akafunika mdomo kwa kipande cha mkeka na kukaza kwa kamba ya mkonge. Chungu akanitwisha mimi.

Tulipanda lori hadi Ruangwa, halafu tukatembea siku nzima na asubuhi ya pili. Njia yote nilisikia vidole vyao vikikwaruza juu ya utosi wangu. Nilipunguza mwendo kila mahali penye utelezi, si kwa kuwahurumia, bali kwa kuogopa wataniangukia mabegani.

Mjomba, maana ndivyo nilivyomwita kwa kuwa ni mjomba wa mume wangu, alituvukia kwa mtumbwi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, na kofia ya kazini iliyokwisha rangi. Alimpigia magoti dada yake pale kwenye matope, wakashikana mikono muda mrefu. Kisha akaomba radhi. Alisema hapa pana desturi yake moja, na haimwachi mtu, hata jumbe wa eneo hili alipokuja aliifuata. Kila mzigo unafunguliwa ng'ambo hii kabla ya kuvuka.

Huku akikung'uta mikeka yetu alitueleza sababu. Kwenye kazi ya karanga yeye alikuwa akitangulia mbele ya matingatinga, kuangalia mashimo na mizinga ya nyuki. Mnyororo ule mkubwa uliokokotwa kati ya mashine mbili ulilaza pori lote, na yeye ndiye aliyeona kilichokuwa chini yake: kobe waliopasuka, kanga waliokataa kuinuka juu ya mayai wakafa nayo. Alianza kuokota yaliyosalia. Kisiwa hiki alikipata kwa kumwomba jumbe. Kila mwaka, mto unapobaki madimbwi matupu, huita vijana na mbwa wao, wakachimba na kufukiza kila shimo hadi hakuna panya aliyebaki, kisha mvua huja na maji hufunga mlango. Miezi hiyo ya maji ndiyo ndege hutaga chini, kwenye majani, na kifaranga wa kanga hana ulinzi wowote mbele ya panya. Sasa watu wa ng'ambo wanakitaka kisiwa walime mpunga. Mjomba hakuwalaumu, walikuwa na watoto wa kulisha. Jumbe amempa mvua hii tu. Maji yakipungua atakuja kutazama kwa macho yake, na asipoona vifaranga, kisiwa kitakatwa vipande vya mpunga.

"Panya mmoja mwenye mimba anatosha kunimaliza," alisema.

Alimwaga unga wetu kwenye ungo, akaupitisha vidole, akaurudisha. Akafungua ufuta. Kisha akafika kwenye chungu. Mama mkwe akaweka kiganja juu ya mkeka.

"Hayo ni mambo ya kike, mdogo wangu," alisema.

Mjomba akarudisha mikono haraka kana kwamba ameshika moto, akageuka kutazama maji. Hakuna mwanamume wa kwetu ambaye angefungua kitu cha dada yake mkubwa baada ya kuambiwa neno hilo. Nilijua kilichomo. Nilikuwa nimekwisha kukibeba siku moja na nusu. Neno lilinijia mpaka kwenye meno. Lakini kumwumbua mama mkwe mbele ya ndugu yake, mwaka wa kwanza wa ndoa, mkamwana gani angefanya hivyo? Nikapanda mtumbwi, chungu mapajani.

Njiani kwenda kwenye nyumba yake, Mjomba akiwa ametangulia, mama mkwe aliniambia kwa kunong'ona kwamba panya aliye chunguni ni nyama, si panya. Atawabanika alfajiri, mdogo wake akiwa kwenye mizunguko yake, aje akute harufu. Nikasema ndiyo Mama.

Jioni ile bado naipenda, ingawa tulikuwa tumeiharibu tayari. Mjomba alitupeleka tukitembea nyuma yake kwa kunyata. Alitunyoshea kidole kwenye majani marefu, na mimi sikuona kitu, mpaka jicho moja likapepesa: kanga jike ameketi, madoa yake yamechanganyika na vivuli. Hakuruka. Tulikuwa hatua tatu kutoka kwake na hakuruka. Tulipita kwale na vifaranga wake wakivuka njia bila kuharakisha, na kobe mkubwa aliyemjia Mjomba mguuni kudai ganda la tikiti. Mama mkwe, ambaye nilimjua kwa kugomba, alitembea mdomo wazi. Alimwuliza mdogo wake mara mbili kama ndege hawa hawajafungwa kamba. Alivihesabu viota kwa vidole vyake, kimya kimya, vikafika tisa. Nikaona kwamba hakuwa amekuja kumrudisha nyumbani, kama nilivyodhani. Alikuja kuona kama mdogo wake ana heri, na alikuwa ameridhika.

Kabla ya giza Mjomba alichekecha majivu laini na kuyatandaza kwenye kila kijia, upana wa mkono. Asubuhi huyasoma, alisema, ndipo ajue nani amepita. Alituachia chumba chake, yeye akalala jikoni.

Usiku nikaamka. Chungu kilikuwa pembeni, karibu na miguu ya mama mkwe, na kutoka hapo nilisikia kutafuna. Sauti ndogo, ya ukaidi, ikinyamaza kidogo na kuanza tena. Ni mkeka, nikajiambia, wanatafuna mkeka. Nilitaka kunyosha mkono. Lakini kitanda kilikuwa kimoja, mama mkwe amelala upande wa mlango, ningelazimika kumruka, na mkamwana hamruki mama mkwe wake aliyelala. Nilitaka basi kumwita. Nikaona nitamwamsha mtu mzima kwa ajili ya jambo ambalo pengine si jambo, na atajua kwamba sikuwahi kumwamini. Nikalala pale, macho wazi, nikijidanganya kwa kila hoja niliyoipata. Kutafuna kukakoma. Nikasema afadhali, wamechoka.

Alfajiri mama mkwe alikaa mbele ya chungu bila kuinua kichwa. Mkeka ulikuwa na tundu linaloingia vidole viwili. Ndani walibaki watatu.

Mjomba alirudi kutoka kwenye majivu yake akitembea polepole. Alisimama mlangoni. Alisema kuna nyayo, mbili zinatoka kwenye nyumba hii. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. Mama mkwe akasukuma chungu mbele yake.

"Nilikuletea chakula chetu," alisema. "Nilisikia huna."

Mjomba aliinama akatazama ndani. Kisha akakaa chini karibu naye, akafunika uso kwa kofia. Alilia, na sijui hata leo alilia kwa ajili ya ndege au kwa ajili ya mtu aliyemkumbukia anachokipenda tangu utoto. Nadhani yote mawili. Mimi nilikuwa na hasira, na kwa sababu sikuthubutu kujikasirikia mwenyewe, niliikasirikia kamba ya mkonge.

Mama mkwe hakulia. Aliwaua wale watatu, akawafukia, akajifunga nguo kiunoni na kumwomba mdogo wake panga. Kumbe kabla hajawa mama wa mtu yeyote alikuwa msichana anayejulikana Ruponda nzima kwa kuchimbua panya. Alisoma nyayo kwenye majivu vizuri kuliko Mjomba mwenyewe. Alitengeneza mitego ya gogo la kuangukia, akaipaka karanga zilizokaangwa, akanituma huku na kule kama mbwa. Mchana wa siku ile tulimpata mmoja chini ya rundo la kuni. Alikuwa dume. Tuliangaliana sote watatu, kisha mama mkwe akaenda kutega upya.

Siku ya tatu nilipaswa kurudi, mume wangu alikuwa peke yake. Mama mkwe akasema niende. Yeye habanduki hapo mpaka ampate wa pili, na kama maji yatakauka kwanza, basi atahama na mdogo wake kokote atakakofukuziwa. Mjomba alimsihi arudi nyumbani, akamwambia amemsamehe. Mama mkwe akajibu kwamba hakuomba msamaha, ameomba panga.

Nilikwenda peke yangu hadi Ruangwa na kichwa kitupu, chepesi, nikasikia vibaya. Mume wangu nilimweleza habari yote isipokuwa ya usiku.

Mama mkwe alirejea mwezi wa Julai, amekonda, miguu imechanika kwa nyasi. Nilimwekea maji ya kuoga na uji, nikakaa mbali nikingoja. Alieleza akiwa amekwisha kula. Panya jike alimpata siku ya kumi na mbili, kwenye kisiki, akiwa na watoto sita wasiofumbua macho. Wote akawamaliza. Lakini kabla ya hapo panya huyo alikuwa amekwisha kula kiota kimoja, mayai kumi na moja, na yule kanga jike alizunguka pale siku mbili akiita, ikawabidi waondoke wasimsikie. Viota vinane vikaangua. Jumbe alipokuja, alikaa kwenye kigogo na watu wawili wa mpunga, na vifaranga wakapita katikati ya miguu yao. Alikaa mpaka jua likawa kali. Aliposimama aliwaambia wale wawili wakatafute mahali pengine, na wao, alisema mama mkwe, hawakubisha sana. Mmoja aliomba arudi na mwanawe aone.

Nilifurahi mpaka nikainuka bila sababu. Kisha nikakaa tena. Tulikuwa tukibambua karanga, ungo upo kati yetu, nyumba imetulia. Jambo lile lilikuwa limenikaa kifuani wiki nyingi, na nikaona nikilimeza tena halitatoka maisha yangu yote.

"Mama, usiku ule niliwasikia wakitafuna," nilisema.

Hakuacha kubambua.

"Na mimi niliwasikia," alisema.

Nikamwuliza kwa nini basi hakuamka. Akasema ni aibu. Angewasha moto usiku ule katika nyumba ya mdogo wake, angeulizwa kuna nini, na angelazimika kusema mbele ya mkamwana wake kwamba alimdanganya ndugu yake mtoni. Alijua mimi sijalala, alisikia ninavyopumua.

"Nilikuwa nakungoja wewe useme," alisema.

Nikamjibu, kwa sauti iliyonitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba nami nilikuwa nikimngoja yeye, na kwamba mayai kumi na moja yameliwa kwa sababu sisi wawili tulilala kitanda kimoja tukingojana.