Kisiwa Alichokipunguza Robo

Kwa miaka ishirini na minne mwanamke mmoja aliketi nyuma ya dirisha la maulizo katika kituo kikuu cha mabasi na treni cha mji mkuu, akiwaelekeza watu jinsi ya kufika kisiwani, na yeye mwenyewe hakuwahi kuiona bahari. Jambo hili hakulifanya siri. Ni vile tu kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza.

Chumba chake kilikuwa na upana wa hatua tatu. Kulikuwa na kiti chenye mto alioushona mumewe, feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu, na kioo chenye matundu saba ya kupitishia sauti. Kando ya mkono wake wa kulia lilikaa bunda la nusu karatasi, kwa sababu hakupenda mtu aondoke na maneno matupu kichwani. Kila aliyeuliza habari za kisiwa aliandikiwa njia tatu kwa wino wa buluu. Ya kwanza ilikuwa ndege ndogo: dakika hamsini, mzigo usizidi kilo kumi na tano, na mwenye maradhi ya masikio amwone daktari kwanza. Ya pili ilikuwa treni hadi mji wa bandari, halafu meli kubwa. Safari ya siku nzima na ushei. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyochaguliwa na wengi, ilikuwa basi la alfajiri hadi kijiji cha pwani, kisha mwendo mfupi kwa miguu hadi gatini, kisha boti ya injini inayovuka mara moja tu kwa siku.

Haya yote aliyajua kwa kuuliza. Msafiri aliyerudi alipopita mbele ya dirisha, alimwita kwa kugonga kioo kwa pete yake. “Samahani, ndugu yangu. Ulifika saa ngapi? Nini kilikukwaza? Nini sikukuambia?” Majibu aliyaandika daftarini. Lakini kabla ya kuandika, aliondoa robo.

Desturi hii ilikuwa na asili yake. Katika mwaka wake wa kwanza, msafiri mmoja mwenye hasira alimwambia kwamba foleni ya meli ni ya nusu siku nzima. Akaamini, akawaandikia watu, na watu wakafika bandarini mapema mno wakakauka juani, kumbe foleni yenyewe ilikuwa ya saa moja. Tangu hapo akaweka kanuni: msafiri hasemi uongo, bali huongeza chumvi, na chumvi hiyo aghalabu ni robo. Akiambiwa dakika arobaini, aliandika thelathini. Akiambiwa kwamba mahali fulani ni pazuri ajabu, aliandika “pazuri”. Wenzake kituoni wakambatiza jina la Bi Punguza. Hakukasirika, akutukanaye hakuchagulii tusi, na hili halikuwa hata tusi.

Siku ya Jumatatu msimamizi wa kituo aliingia chumbani mwake. Alikuwa kijana mpole, rika la mwanawe wa mwisho.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na bahasha. Heri?”

“Si heri sana. Hebu soma.”

Barua ilikuwa ya mzee mmoja, fundi saa, na mwandiko wake ulinyooka kama mistari ya rula. Alieleza kwamba yeye na mkewe waliandikiwa karatasi katika dirisha hilo. Karatasi ilisema: basi hufika saa saba kamili, pumzikeni dakika tano, mnywe maji, tembeeni dakika kumi na tano, boti huondoka saa saba na dakika ishirini na tano. “Tulifanya kama tulivyoelekezwa,” aliandika. “Mimi nimetengeneza saa miaka arobaini na sipendi kumsingizia mtu. Mwendo ule ni wa dakika ishirini na tisa. Boti tuliiona mgongo. Mke wangu ameingojea safari hii tangu tulipooana. Tulilala kwenye benchi la chumba cha tiketi, asubuhi tukarudi nyumbani.”

Bi Punguza aliisoma mara mbili. Kwa mazoea tu akaondoa robo kimoyomoyo. Zikabaki dakika ishirini na mbili hivi. Bado boti ilikuwa imekwenda.

“Mama,” msimamizi akauliza taratibu, “wewe ulipotembea, ulichukua dakika ngapi?”

Feni iligeuza shingo, ikakwama, ikarudi.

“Mimi sijawahi kwenda, mwanangu.”

Kijana alivuta pumzi ndefu. “Makao makuu wanataka kuliziba dirisha hili na kuweka skrini ya kubonyeza. Mwaka mzima nimewazuia. Nimewaambia nina mtu anayejua kuliko skrini yoyote. Ijumaa wanataka neno langu la mwisho. Niwaambie nini sasa?”

“Usiwaambie kitu mpaka nirudi,” alisema, tayari akiinuka kitini. “Kesho nakwenda kwa njia hiyo hiyo ya karatasi. Nikikuta nimewapoteza watu, nitakuletea mwenyewe ufunguo wa chumba hiki.”

Jioni mumewe, fundi cherehani, alisikia habari hiyo akiwa na pini mdomoni, na nusura azimeze.

“Wewe? Baharini? Wewe ambaye ukioga unashikilia ukuta?”

“Cheka tu, baba watoto. Nikizama utajipikia.”

“Basi usizame,” akasema, akaacha kucheka. Alimshonea mkanda mpya wa begi, mpana, usiokata bega.

Basi lilitoka alfajiri. Alikaa na nusu karatasi mapajani, ameiandika kwa mkono wake kama angemwandikia mgeni, na alikuwa ameapa kuifuata neno kwa neno bila kujipendelea. Saa saba kamili basi likasimama kijijini. Hapo karatasi ilisema kweli, naye akatia alama ya vema. Alipumzika dakika tano, akanywa maji, akaanza kutembea.

Njia ilianza vizuri kati ya kuta mbili za mawe. Halafu kuta zikaisha, na mchanga ukaanza. Haukuwa mchanga wa ujenzi alioujua yeye. Huu ulimeza kiatu na kukirudisha kwa kusitasita, na kila hatua mbili zilizaa moja. Begi lilikuwa zito. Saa ya mkononi ilipotimiza dakika kumi na tano aliinua macho, akitarajia kuona gati. Hapakuwa na gati. Palikuwa na mwinuko mdogo mbele yake, akaupanda akihema, na alipofika juu miguu yake ikasimama yenyewe.

Alikuwa ameambiwa habari za bahari na maelfu ya watu. Aliijenga akilini kwa miaka, kwa kipimo, akiondoa robo kila mara, mpaka ikawa ziwa kubwa lenye adabu. Kilichokuwa mbele yake hakikuwa na ukingo. Kilianzia miguuni pa kilima, kikaenda, kikaenda tena, na pale ambapo jicho lilichoka, chenyewe kiliendelea. Rangi haikuwa moja: karibu ilikuwa kama kioo cha chupa, mbele yake kijani, mbele zaidi buluu nzito kuliko wino wake. Na yote ile ilikuwa ikipumua. Alitaka kusema neno, akakuta hana, yeye ambaye kazi yake ilikuwa maneno.

Honi ya boti ndiyo iliyomzindua. Akatelemka kilima mbio, begi likimpiga ubavuni, mkono mmoja umeshika kilemba.

“Bibie, kamba imeshafunguliwa!” nahodha alipaza sauti. “Ukija njoo, ukibaki tutaonana kesho!”

“Nakuja! Jamani, nakuja!”

Mikono miwili ikamvuta ndani. Aliketi kwa kishindo, karatasi ingali kiganjani. Nahodha akaitazama, akaangua kicheko.

“Niliwaambia mimi! Mtu akija anatweta hivi, kamkague mkononi, utaikuta karatasi ya dirishani. Sijui aliyeiandika ni nani, lakini ana miguu ya swala.”

Abiria wakacheka. Bi Punguza hakucheka. Angeweza kuikunja karatasi na kuitia mfukoni, na neno lingeishia hapo.

“Ni mimi niliyeandika,” alisema.

Kicheko kikakatika. Nahodha alijikuna kidevu. “Samahani, mama. Sikukusudia...”

“Usiniombe samahani wewe. Hebu niambie. Wangapi umewaacha?”

“Kwa mwezi? Watatu, wanne. Vijana hukimbia. Wazee ndio hatuwapati. Mimi huwangojea kidogo, lakini maji hayangoji. Yakitoka, boti inakwama kwenye mchanga.”

Aliziandika namba hizo bila kuziondolea kitu. Watatu, wanne, kila mwezi, miaka yote ile. Akainamisha kichwa pembeni mwa boti ili asitazamwe usoni, na hapo akaona jambo ambalo lilimfanya aishike mbao ya boti kwa mikono yote miwili.

Chini kabisa, kwenye mchanga wa sakafu ya bahari, kivuli cha boti kilikuwa kinatembea. Kiliwafuata kwa mwendo ule ule, kikapanda tuta, kikashuka bonde, na pembeni mwake kilikuwapo kivuli kidogo cha kichwa chenye kilemba.

Miaka mingi nyuma muuguzi mmoja alimweleza hayo hayo kupitia matundu saba ya kioo. “Utakiona kivuli chako kinatembea chini ya maji, dada, kama kimekuja kukusindikiza.” Bi Punguza alitabasamu kwa upole siku ile, kisha akaandika daftarini: “Maji ni safi.”

Kisiwani alishuka kwenye maji ya vifundoni, viatu mkononi. Mchanga wa huko ulikuwa mweupe hata macho yakauma, na ulipokanyagwa ulilia sauti nyembamba, kama nguo mpya inayochanwa. Hilo nalo aliwahi kuambiwa, na mwalimu wa watoto wadogo, na akalikata lote, si robo. Alitembea ufukweni peke yake mpaka nyayo zake zikawa ndizo pekee nyuma yake. Huko akasimama na kuanza kuwakumbuka mmoja mmoja, wale waliogonga kioo wakiwa na jua usoni, wakihangaika kutafuta maneno.

“Hukuongeza,” alimwambia muuguzi, kwa sauti, ufukwe ukiwa mtupu. “Wala wewe, mwalimu. Wala wewe, fundi. Mlikuwa mnapungukiwa.”

Alilala kisiwani usiku mmoja. Boti ilipomrudisha asubuhi, aliwahi kijijini na kuzipima dakika kabla ya basi la mchana. Kutoka basi hadi gati bila mzigo: dakika ishirini. Kwa begi: ishirini na tatu. Mara ya tatu alitembea kama mtu wa miaka sabini aliyemshika mkono mkewe, akisimama mara mbili ili mke huyo apumue. Alipokanyaga mbao za gati aliitazama saa. Ishirini na tisa. Fundi yule hakuongeza hata moja.

Ijumaa aliweka ripoti mezani kwa msimamizi, kurasa mbili, na juu ya kurasa hizo akaweka ufunguo. Kijana alisoma hadi mwisho, kisha akarudi kwenye aya ya tatu.

“Mama, hili la kuondoa robo makao makuu hawalijui. Ungeweza kusema njia imeharibika. Mchanga umeongezeka.”

“Mchanga haukuongezeka, mwanangu. Ni mimi niliyepunguza.”

Kwenye barua ya fundi saa palikuwa na namba ya simu, na Bi Punguza akaomba aipige kabla hajatoka. Alipiga akiwa amesimama.

“Mzee, shikamoo. Mimi ndiye niliyewaandikia karatasi. Ni dakika ishirini na tisa. Nimezipima. Kosa ni langu, na naomba radhi kwenu nyote wawili.”

Upande wa pili mzee akasikika akimwita mtu: “Mama! Njoo! Amezipima!” Kukawa na mburuzo wa kandambili, na sauti ya mwanamke mzee ikaja karibu.

“Mwanangu, ulivuka?”

“Nilivuka, mama.”

“Eee. Hebu niambie basi. Kukoje?”

Bi Punguza akavuta kiti. Alimweleza yote: rangi moja baada ya nyingine, kivuli, mchanga unaolia, na alipokosa neno alisema “hapa sina neno, mama”, akaendelea. Alisema kwa dakika nyingi, na mara kwa mara ilisikika “eee” ya mnyonge, na baadaye “eee” ya mtu aliyeanza kufunga begi. Msimamizi alisikiliza muda wote huo, kalamu ikiwa imesahaulika mkononi.

Simu ilipokatwa, kijana aliusukuma ufunguo kwake kwa kidole kimoja.

“Nitawaandikia kwamba dirisha linabaki,” alisema. “Skrini isingerudi kupima mara tatu. Lakini wataniuliza: je, zile njia nyingine mbili?”

“Hizo nazo nimezipunguza,” akajibu bila kusita. “Treni, meli, hata foleni ya uwanja wa ndege. Nipe likizo yangu ya mwaka huu kwa treni na meli. Ndege mwakani.”

“Na mpaka hapo, watu tuwaambie nini?”

Alikuwa ameshalifikiria hilo ndani ya basi. Alirudi chumbani mwake, akatwaa karatasi nzima, si nusu, akaandika kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye kioo mahali ambapo foleni yote ingeisoma: “Kwa treni, meli na ndege, saa na dakika mlizoandikiwa hapa ni pungufu kwa robo. Ongezeni theluthi moja juu yake mpaka nitakapokwenda kupima mwenyewe.”

Mtu wa kwanza kwenye foleni, mwanamume mwenye sanduku kubwa, aliisoma polepole huku akihesabu kwa vidole.

“Mama, mbona mnajitangazia makosa?”

“Ni yangu, ndugu,” alisema, akivuta bunda la karatasi karibu. “Haya, unakwenda wapi?”