Spika Zisizokwenda Matangani

Nilinunua redio yangu ya kwanza ya maana nikiwa na miaka arobaini na tisa, shahada mbili, na goti moja linalotabiri mvua. Nasema redio kwa sababu huku kwetu kila kitu kinachotoa sauti bila kula ni redio. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na huwaona wanaume wa umri wangu wakiwa wamelazwa, alinisikiliza nikimweleza mpango mzima, kisha akasema, "Baba watoto, wenzako wananunua mashine ya kupima presha."

Nilikuwa na sababu moja tu. Tangu utotoni nilikuwa nimeusikia muziki wa benga ukitoka upande mmoja tu: redio ya baba yenye ufa, pembe ya bati juu ya paa la baa, na zaidi ya yote, matangani, ambako spika hurundikwa mpaka ziwe ukuta. Kisha nilipokuwa chuoni mhadhiri mmoja alinialika kwake, akaniketisha katikati ya spika mbili ndogo na kuweka benga. Gitaa la kwanza lilitokea kushoto. La pili likalijibu kutoka kulia. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini na miwili nikidhani ni gitaa moja lenye haraka.

Nikaapa nitakuwa na zangu. Kiapo hicho kilichukua zaidi ya robo karne kutimia, kwa sababu ya karo, mabati ya nyumba ya mama, na wahariri wanaolipia makala kwa shukrani.

Amplifaya niliipata mjini Migori, kwa mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka Pwani, anayeuza vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika Ulaya. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na kitufe cha sauti hakikuwapo. Hata leo naongeza sauti kwa koleo.

"Hii si ya kelele, mwalimu," alinionya. "Wateja wa huku huniuliza swali moja tu: itasikika mpaka wapi? Nikiwaambia itasikika mpaka kitini, wanakwenda zao."

"Mimi nataka mpaka kitini."

"Basi ilikuwa inakungoja wewe, bwana. Imenikalia hapa tangu Ramadhani ya mwaka juzi."

Akanifungia pia spika nne zilizong'olewa kwenye chombo kilichokufa, mbili kubwa na mbili ndogo, uchi bila masanduku. Masanduku, akasema, ni kazi ya seremala.

Nilimwendea fundi mmoja Ndhiwa ambaye viungo vyake vya mbao havipitishi hata maji. Hutengeneza milango, vitanda na majeneza. Nilimwachia vipimo kwenye karatasi, na mchoro niliojivunia sana. Baada ya wiki moja nilikuta sanduku moja, refu kunifikia kifuani, limepakwa rangi nyeusi, spika zote nne zimepangwa juu kwa chini kama vifungo vya shati. Ubavuni lilikuwa na mishikio minne ya chuma.

"Fundi, nilisema masanduku mawili."

"Mawili ya nini, mwalimu? Hii moja iko na nguvu. Ukiigeuza iangalie barabara, hata wale wa ng'ambo ya mto watasikia."

"Sitaki wa ng'ambo wasikie."

Alinitazama kama mteja aliyeagiza kitanda cha kusimamia.

"Na mishikio ni ya nini?" nikauliza.

"Sasa itabebwa aje ikienda matanga?"

"Haiendi matanga."

Alicheka mpaka akaweka randa chini. "Omera, ndugu yangu! Sanduku ya muziki isiyoenda matanga! Hata majeneza yangu yanaenda!"

Mwishowe alilikata katikati kwa msumeno na kuziba pande zilizobaki wazi, huku akitikisa kichwa. Mishikio alikataa kung'oa. Alisema mashimo yangemharibia jina.

Homa Bay tunapanga nyumba ya vyumba viwili, na cha kukaa hakikujengwa kwa ajili ya falsafa. Nilipima kwa kamba, nikachora alama za chaki sakafuni, nikahamisha kabati la vyombo na kuweka kiti kimoja katikati. Mke wangu aliuliza wageni watakaa wapi. Nikamwambia wageni watakaa kwa zamu. Kisha nikabana koleo, na kutoka kushoto likaja gitaa la kwanza, na kutoka kulia, jembamba, lenye subira, likaja la pili. Sitasema nililia. Mke wangu alikuwapo na yeye ndiye husema.

Miezi miwili baadaye baba yetu mdogo alifariki, huko nyumbani Migori. Kaka yangu mkubwa, ambaye tangu baba afe ndiye sauti ya boma letu, alinipigia simu. Tulisikitika pamoja. Kisha akasema, "Ijumaa nitakuja na pikapu kuchukua zile spika."

"Spika gani?"

"Usinichezee. Fundi wa Ndhiwa ameambia kila mtu."

Hapa sharti nieleze, kwa anayesoma kutoka mbali, kwamba kwetu kukodi vyombo vya matanga si kosa, ila kuvikodi ilhali mtoto wa boma anavyo ni aibu ya boma zima. Spika ni kama sufuria kubwa au turubai. Ukishakuwa nayo, ni ya wafu wote wa ukoo. Mimi nilikuwa msomi wa kwanza kununua sufuria na kutangaza kwamba ni ya chai yangu.

Kaka alifika Ijumaa asubuhi, magunia ya kufunikia tayari mkononi. Akazikagua spika, akashika mishikio, akaridhika.

"Hizi zitapasuka, jaduong', mzee wangu," nikamwambia. "Ni za chumba. Ukizifunga kwa jenereta uwanjani zitaungua kabla ya sala ya kwanza."

"Zikiungua zimeungulia kwa baba yako mdogo. Kuna kifo bora kwa spika?"

"Sitoi."

Mke wangu alikumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanika.

Kaka aliketi kwenye kile kiti kimoja. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Baba yetu alizikwa na spika za watu," akasema. "Kuna mtu aliyetunyima?"

Ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa na jibu lililokuwa limekaa ndani yangu miaka kumi na moja.

"Hakuna aliyetunyima. Zilipigwa siku tatu. Shangazi alikuja kutoka Kisegi, akasimama kando ya jeneza kumlilia ndugu yake, akaimba jinsi walivyochunga pamoja. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Niliona mdomo ukienda. Sikusikia hata neno moja, kaka. Wewe ulisikia?"

Alizungusha gunia mikononi. "Sikusikia," akasema.

"Basi mimi sitoi."

"Na wewe ukifa?"

"Msipige kitu."

"Msipige kitu," akarudia, kama mtu anayesoma barua ya wazimu. Akasimama, akaacha chai yake ikiwa nzima, jambo ambalo kwetu ni hukumu iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Pikapu iliondoka na magunia matupu.

Nilikwenda mazishini kwa miguu yangu na mikono yangu. Nilichota maji, nilipasua kuni, nilibeba viti vya kanisa kichwani. Wanawake wa jikoni waliniita Bwana Spika. Mzee mmoja aliniuliza kama ni kweli shahada huondoa haya. Nikamjibu kwamba hupunguza tu. Spika za kukodi zilisimama langoni na kutetemesha mabati.

Ulipofika wakati wa kutambulisha familia, kaka alishika kipaza sauti na kuwaita watoto wa boma, mmoja mmoja, kwa umri. Baada yake nafuata mimi. Alimwita anayenifuata. Kisha anayemfuata huyo. Umati ulielewa, na vichwa vikageuka kunitazama.

Ningeweza kubaki na kuni zangu. Nilifuta mikono kwenye suruali, nikavuka uwanja wote mbele ya watu, nikasimama palepale panaponistahili, kulia kwake, na anayenifuata akalazimika kusogea.

Kaka hakugeuka. Alifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Hata shati hukupiga pasi," akasema kwa midomo iliyofumbwa.

"Pasi ninayo," nikamjibu. "Hiyo naweza kukuazima."

Bega lake lilitikisika mara moja. Sijui kama ni hasira au ni nini. Kisha akaondoa kiganja na kuendelea kusoma majina. Langu hakulisoma, na mimi sikuondoka.