Namba ya Lensi ya Baba

Ujinga ule niliufanya mimi, tena kwa mbwembwe, kwa hiyo mwenyekiti wa baraza la ardhi simlaumu.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga na kila mwenye pesa alikuwa anasaka ardhi. Mfanyabiashara mmoja akadai shamba letu la Mogitu, eti tulilivamia baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, watu walipohamishiwa vijijini. Uongo mtupu! Baba yangu alizaliwa pale. Tatizo, karatasi hatukuwa nayo. Tulikuwa na picha moja tu, kubwa, aliyoipiga baba enzi za ujana wake kwa kamera yake ya sanduku la mbao: nyumba ya babu, zizi, mbuzi wawili, na Mlima Hanang kwa nyuma. Watu hamna. Babu alikataa kupigwa.

"Picha haina tarehe," wakasema barazani.

Hapo nikajitia ujuaji. Nilikuwa na studio ya picha za pasipoti Mbulu mjini, na nilijua lensi kubwa kama ya kamera ile huchongwa namba kwenye pete inayoshika kioo. Kiwanda kilizipa namba kwa mfululizo, bila kurudia. Mwenye orodha anakutajia mwaka. Fundi kamera mmoja wa Arusha alikuwa nayo. Nikamsomea namba kwa simu, nikamwomba aandike jibu, agonge mhuri, afunge bahasha, aitume kwa basi. Ilipofika sikuifungua. Nilitaka ifunguliwe mbele ya watu wote, asije mtu akasema nimeichezea. Nikajiona nina akili kweli.

Mwenyekiti akaifungua, akasoma kwa sauti: lensi ilitengenezwa miaka mitatu baada ya Operesheni.

"Mzee," akamwuliza baba, kwa adabu kabisa, "picha hii uliipiga kwa lensi hii?"

Baba akawatazama wadogo zake wawili waliokaa benchi la mbele. "Ndiyo, hii hii. Sijawahi kuwa na nyingine."

Basi, habari yetu ikaishia pale. Shamba likaenda.

Tulipofika nyumbani ndipo akaniambia, huku uso kaugeuzia ukutani. Lensi ya kwanza, iliyopiga picha ile, babu alimnunulia kwa kuuza fahali ambaye wadogo wa baba walikuwa wanamtegemea kwa mahari yao. Ikamponyoka baba kwenye mawe ya korongoni, ikapasuka. Hakumwambia mtu. Miaka mingi baadaye akanunua hii nyingine, kimyakimya, kwa padri aliyekuwa anarudi kwao.

"Baba, kesho turudi tukaseme hivyo hivyo."

"Wadogo zangu wasikie fahali wao alikwenda bure? Nife kwanza. Na ukisema wewe, nitakukana."

Nilimfokea, jambo ambalo kwetu mtoto hamfanyii baba yake. Nikamwambia, hao wadogo zako ndio wanaofukuzwa, si ng'ombe! Siku za kukata rufaa zikapita, yeye kimya, na mimi kwa woga wangu nikanyamaza pia.

Baba zangu wadogo wakahamia Katesh kwenye vyumba vya kupanga, wazee wazima, wakinunua mahindi kwa debe. Yeye nikamchukua kwangu Mbulu. Aliishi miaka minne, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Hata siku moja shikamoo ile haikutoka moyoni.