Mlio wa Saa Kumi

Ipo siku moja ambayo naikumbuka hadi sasa nikiwa na wajukuu, mwanangu. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa pili, jua limeupasha mji wote moto. Nilikuwa katika jengo refu katikati ya Nairobi, nimesimama mbele ya mabwana watano wenye tai, nikiwaeleza kwa nini mitambo yao ya kupoza hewa inakufa kabla ya wakati wake. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaitazama, nikaona ni baba, nikaiacha. Ikatetemeka tena. Nikaomba radhi, nikatoka nje ya chumba, nikamsikia akisema bila haraka, kama ilivyokuwa kawaida yake, "Hii mashine yako inalia tena."

Kabla sijakwambia nilichomjibu, ni lazima unijue nilikuwa nani siku hizo, maana kosa lenyewe lilianzia hapo.

Sitajifanya mnyenyekevu kwa kuwa nimezeeka. Mimi nilizaliwa Kaloleni, katika nyumba ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, yenye vyumba viwili, nikasoma kwa viatu vilivyofunguka midomo, nikapata diploma ya mitambo ya baridi, na katika darasa letu hakuna aliyenipita. Nikaenda Uarabuni nikakaa miaka tisa. Niliingia nikibeba mabomba ya shaba begani, nikatoka nikiwa msimamizi wa mafundi wa hoteli nzima, watu wa mataifa matano wakiniuliza la kufanya. Niliporudi sikurudi na redio na mablanketi kama wengine. Nilirudi na vifaa vyangu, nikafungua karakana Industrial Area, na jina langu likaandikwa ubavuni mwa gari. Nilipenda kusema kwamba hakuna aliyenishika mkono, kwamba nilijitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nikilisema hilo hata mbele ya baba, naye alikuwa akichezea kikombe chake.

Baba yangu, Mzee Wekesa, alikuwa fundi wa pampu za maji za kanjo mpaka alipostaafu. Hakuwa na cheti hata kimoja. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Pampu ikilalamika, aliiweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini akauweka sikioni, akafumba macho, akasimama hivyo kwa muda mrefu hata mtu asiyemjua angedhani amelala. Kisha angesema ni beringi ya upande wa kushoto, au kuna kijiwe kimeingia, na wangefungua wakakuta ni hivyo hivyo. Mimi nilijifunza kusikiliza chuma kwa bisibisi ile nikiwa bado sifiki mezani. Huko Uarabuni walinisifu kwa sikio langu, na sikumwambia mtu nilikolipata.

Mama alipofariki, baba alibaki peke yake katika nyumba ile. Nikamwomba ahamie kwangu, akakataa, akasema amezoea majirani. Basi nikamfungia kiyoyozi. Nilikifunga ukutani pale sebuleni alipopenda kukaa, juu ya diploma yangu iliyowekwa kwenye fremu. Mtaani hapakuwa na mtu mwingine mwenye kiyoyozi, na nilitaka ijulikane. Vijana waliokuwa wameegemea ukuta wa nje walicheka wakamwuliza baba kama siku hizi atakuwa analala kwenye friji. Bi Zena, jirani yetu aliyekuwa akikaanga mahamri mlangoni kwake, alisema kwamba Julai watu wanavaa makoti mawili mtaa huu, na mimi nimeona nimwongezee mzee baridi nyingine. Nilicheka nao. Lakini moyoni nilifurahi, kwa sababu kila aliyepita alikitazama.

Miezi miwili baadaye baba akanipigia simu kusema kinatetemeka. Ilikuwa Jumamosi, nikaenda. Nikapanda ngazi ukuta wa nyuma, nikakuta skrubu moja ya mabano yanayobeba sehemu ya nje imelegea, na raba chini ya mguu mmoja imesogea. Dakika kumi, nikamaliza. Ila siku ile sikuwa na haraka. Baba akapika chai ya maziwa, Bi Zena akaleta mahamri, nami nikakaa mpaka jua likapungua makali. Aliniambia habari za pampu moja iliyomshinda kwa wiki nzima, kumbe kilichokwama ndani kilikuwa kiatu cha mtoto. Tulicheka hadi akaanza kukohoa. Aliniuliza kuhusu mitambo ya hotelini, nikamweleza, naye akasikiliza kama anavyosikiliza pampu, macho yamefumbwa. Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani. Alisema, "Mashine nzuri. Ikilia tena nitakwambia, Injinia." Hilo ndilo jina alilonipa, na sikujua kama ni sifa au utani.

Baada ya hapo kikaanza kulia mara kwa mara.

Sasa, mwanangu, hili ni somo la kazi yetu, na nitakupa kama nilivyolipata. Kiyoyozi kikilia, usikimbilie kukifungua. Kama kinapasuka pasuka kidogo kinapowashwa na kuzimwa, hiyo ni plastiki inayojikunja na kujinyoosha kwa baridi na joto, usiiguse. Kama kinaguguma kama maji tumboni, mara nyingi ni gesi inatembea tu. Kikilia fsss kama nyoka, hapo shughulika, gesi inavuja. Kikilia kwa uchungu, kwa sauti nyembamba, ni beringi. Kikigonga, tafuta kilicholegea. Na kikikwaruza, trr, trr, trr, kwa mwendo wa feni, kuna kitu kinagusa feni. Lakini kabla ya yote hayo muulize mwenye nyumba: kinalia saa ngapi, na saa hiyo huwa kuna nini kingine? Maana mashine haina saa. Mlio ukishika saa, sababu yake iko nje ya mashine.

Hayo nilikuwa nikiwafundisha mafundi wangu. Niliyaandika hata ukutani.

Baba aliponipigia alisema kinakwaruza. Alisema kinakwaruza kila siku saa kumi za jioni, na kwa masikio yake ni kitu kinachogusa feni. Nikamjibu kwamba ni plastiki, Baba, inatanuka kwa joto la mchana. Akasema anaijua plastiki, na hii siyo plastiki. Nikamwambia nitapita. Sikupita. Wiki iliyofuata akapiga tena, saa kumi, nikamwambia nimebanwa. Na karakana yangu, mwanangu, ilikuwa Industrial Area. Kutoka pale hadi Kaloleni unavuka reli, unavuka Barabara ya Jogoo, umefika. Nilikuwa nikikwenda kwa miguu nikiwa mtoto kumpelekea baba chakula kazini. Lakini siku hizo nilikuwa na mabwana wenye tai.

Mwishowe nikamtuma fundi wangu mmoja, Kamau, mtu mzima mwenye familia na mikono inayoaminika. Akaenda, akarudi, akaanza kupanga vifaa vyake. Nikamwuliza amekuta nini.

"Iko poa, bosi. Nimeiwasha nusu saa, haikulia hata kidogo."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Mlango ulikuwa wazi, nikaona vikombe viwili mezani kabla sijabisha," alisema. "Mzee aliponiona ni mimi, alichungulia nyuma yangu. Pengine uende mwenyewe."

Nilimwambia nimemtuma kutazama mashine, sikumtuma kuhesabu vyombo. Aliniangalia kidogo kisha akaendelea kupanga spana zake. Huyo alikuwa na cheti kidogo kuliko changu, naye alikuwa ameshapata jibu. Mimi nilisimama nimebeba jibu lile mkononi, na sikuliona.

Sasa turudi kwenye ile Alhamisi. Nipo nje ya chumba cha mkutano, mabwana wananingoja, na baba anasema mashine inalia tena. Nikatazama saa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Akasema, "Leo njoo uisikilize mwenyewe. Si kazi ya kumwambia mtu kwa simu."

Nikamwambia hivi, na ninayasema kama yalivyotoka kinywani mwangu: "Baba, izime. Ukiizima haitalia."

Nilisikia watoto wakicheza nje ya dirisha lake. Kisha akasema, "Sawa, Injinia. Nitaizima."

Nikarudi ndani nikaomba radhi kwa kuchelewa.

Bi Zena ndiye aliyemkuta siku ya pili yake, alipompelekea mahamri. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, mgongo umenyooka, uso umeelekea mlango. Moyo ulikuwa umesimama tu, bila vurugu, kama pampu iliyofika mwisho wake. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa.

Tulimpeleka kijijini kwetu Bungoma tukamzika karibu na mama. Watu walizungumza mengi mazuri kunihusu pale kaburini, wakanitaja kuwa mtoto aliyemfungia baba yake kiyoyozi. Niliposikia hilo niliinamisha kichwa, wakafikiri ni kwa huzuni peke yake.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kuondoa vitu, kwa sababu nyumba ya kanjo haikai bila mpangaji. Nilianza na kiyoyozi. Sikujua kwa nini nilikiwasha kwanza. Nadhani nilitaka kuthibitisha kwamba nilikuwa sahihi, kwamba ni plastiki. Kikanguruma, kikatulia, na mara nikasikia: trr, trr, trr.

Nikaichukua ile bisibisi yake kutoka juu ya kabati. Nikaweka ncha kwenye kava, mpini sikioni, nikafumba macho. Mlio ulikuwa mkavu na mwepesi, usio na chuma ndani yake. Kitu laini kilikuwa kinagusa feni. Baba alinieleza hivyo hivyo, neno kwa neno.

Nikakizima, nikapitisha vidole kwenye mdomo wa chini, pale hewa inapotokea. Nikavuta ukanda mdogo wa karatasi ngumu, uliokatwa kwenye pakiti ya majani ya chai. Ulikuwa umeshikwa kwa waya mwembamba uliopindwa kwa namna ambayo ungeweza kuuingiza na kuutoa kwa kidole kimoja, na ncha ya waya imekunjwa ndani isije ikamchoma mtu wala kukwaruza mashine. Ilikuwa kazi safi. Feni haikuwa na hata alama. Miongoni mwa watu wote ninaowajua, ni mtu mmoja tu aliyekuwa akikunja ncha ya waya hivyo.

Nilitoka nje nikiwa nimeushika. Bi Zena alikuwa mlangoni kwake. Aliuona mkononi mwangu, akaepua sufuria yake motoni.

"Nilimwuliza mimi," alisema. "Nilimwambia, Mzee Wekesa, mbona unaichokoza mashine ya watu? Akaniambia, mtoto nikimwambia njoo tunywe chai, atasema ana kazi. Nikimwambia mashine imeharibika, hiyo ndiyo kazi."

Akaendelea, kwa upole tu, kama mama anayemfuta mtoto uso. "Yule mwenzio alipokuja, aliutoa haraka akautia mfukoni. Hakutaka aukute mwingine. Alisema wewe ukiuona utacheka, kisha utakaa."

Nikamwambia kwamba siku ya mwisho hakuutoa.

"Basi alikuwa angali anakungoja, baba," alisema Bi Zena.

Baba hakunidanganya hata mara moja, mwanangu. Alisema kinakwaruza, na kilikuwa kinakwaruza. Alisema ni kitu kinagusa feni, na kilikuwa kinagusa. Alisema si kazi ya simu. Alinipa dalili zote ambazo fundi huhitaji, hadi saa, nami mwenye diploma, mwenye miaka tisa ya Uarabuni, mwenye maneno yaliyoandikwa ukutani, nikamwambia azime.

Bado najisifu, usidhani nimeacha. Nimewafundisha mafundi wengi, na nikipita karibu na jengo natambua kompresa iliyochoka kabla mwenyewe hajajua. Lakini siku hizi nikisema nilijitengeneza mwenyewe, ninasimama katikati ya sentensi. Ule ukanda wa karatasi umo kwenye kisanduku changu cha vifaa, pamoja na bisibisi yenye mpini wa mti. Kila anayekuja kujifunza kwangu huuona siku ya kwanza, kabla hajashika spana.

Basi shika hili kutoka kwangu. Mzazi akikupigia kusema kitu kimeharibika, iwe ni kiyoyozi, redio au bawaba ya mlango, nenda mwenyewe. Usitume mtu, wala usimtibu kwa simu. Ukifika, isikilize mashine kwa sababu amekuomba uisikilize, na usimwaibishe ukikuta ni nzima. Kisha weka vifaa chini, utazame meza imeandaliwa vikombe vingapi. Kaa. Chai ikipoa, ipashwe moto tena. Mabwana wenye tai watangoja. Mimi niliwaona, walingoja dakika tano tu nao hawakukasirika.

Mungu akutunzie masikio, mwanangu, na akuwekee wanaokupenda kwa miaka mingi. Akujalie uitwe nyumbani kwa shida ndogo ndogo zisizo na maana, na kila ukiitwa, akupe miguu ya kufika ukute kiti bado kina mtu.