Rangi ya Mawe ya Kisimani

Kiangazi kilitukuta katika kijiji kipya tulikohamishiwa, karibu na Kitahana. Aliyetuchagulia mahali pale hakuuliza maji yako wapi. Baba akaanza kuchimba kisima.

Mawe ya kwetu ni mekundu kwa sababu chuma kilichomo hushika kutu kikipata hewa. Palipotuama maji, wekundu hupotea na jiwe huwa la kijivu. Basi tulingoja kijivu. Chini kulikuwa giza, baba hakuona rangi, na kila ndoo ilipofika juu alituuliza. Mekundu, tulimjibu, mpaka nikaichukia rangi hiyo.

Jioni moja sauti yake ilitoka kwa shida. “Mama watoto, bado mekundu?”

Mama akayatazama mawe, mekundu kama ya jana, akainama shimoni.

“Yameanza kuwa ya kijivu, baba watoto.”

Tukasikia sururu ikianza tena.