Hakuna Asiyejiweza Kijijini Kwetu

Watu wa kijiji kile, mwendo wa saa moja kupanda kutoka Lukozi, walimsikia Efrazia kabla ya kumwona. Chuma cha kiatu chake cha kushoto kiligonga jiwe, kikanyamaza mguu wa kulia ukipita, kisha kikagonga tena. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu akisikia mlio huo unakuja kilimani alijua mkunga yuko njiani, na wako walioapa kwamba uchungu wenyewe ulipungua. Efrazia alisema huo ni upuuzi mtupu, lakini aliusema huku anacheka.

Mguu ulinyauka alipokuwa na miaka minne, baada ya homa ya wiki mbili. Hospitali ya misheni ikampa kiatu chake cha kwanza: buti zito lenye vyuma viwili vinavyopanda mpaka gotini, na mikanda ya ngozi ya kufungia. Bibi yake alikuwa mkunga, naye alimfundisha kazi kwa ukali ule ule aliowafundishia wajukuu wenye miguu miwili mizima. Hakumpunguzia hata mlima mmoja. Alipofika umri wa miaka thelathini na minane, Efrazia hakuwa na mume wala mtoto, na nusu ya watoto wa kijiji walikuwa wamepita mikononi mwake. Ukitaka kumwona amekasirika, umpishe njiani kwa huruma.

Siku zile za mwanzo wa uhuru, Halmashauri ya Wilaya ilikuwa na fungu dogo la fedha za viatu kama vyake. Kila baada ya miaka miwili Efrazia alishuka Lushoto, akaingia katika chumba cha karani mmoja aitwaye Nathanieli, mzee mwenye koti la sufu lililochakaa viwiko. Nathanieli alitandika karatasi ya kaki sakafuni, akapiga magoti, akauchora mguu kwa penseli polepole kama mtu anayechora ramani ya shamba la urithi. Karatasi ilipelekwa kwa fundi Tanga, na baada ya miezi miwili kiatu kilikuja kwa basi. "Mguu wako naujua kuliko wangu," Nathanieli alizoea kumtania. Hakukuwa na fomu. Kulikuwa na mtu anayemjua.

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa. Redioni walisema madaraka sasa yanapelekwa kwa wananchi. Labda kuna wananchi waliofikiwa. Kwa Efrazia madaraka yalitoka Lushoto, ambako alikuwa akienda na kurudi siku moja, yakahamia Tanga, ambako hakuwa na hata ndugu wa kumpa godoro. Nathanieli alihamishiwa Korogwe. Kijana aliyekalia kiti chake alikuwa na adabu sana, akamwamkia, akamtafutia kigoda, kisha akamwambia, "Mama, fungu hilo sasa liko Mkoani. Waandikie barua." Efrazia akaandika tatu. Ya pili ilijibiwa kwamba imepokelewa.

Basi kiatu kile cha mwisho kikaendelea kuvaliwa mwaka wa tatu, wa nne, mpaka soli ikawa ya tairi na vyuma vikawa vimepigwa ribiti na mhunzi mara tatu. Masika ya 1976, akiteremka kwenye utelezi, chuma cha nje kilikatika kabisa. Safari hiyo mhunzi alikiangalia akatikisa kichwa.

Kijiji hakikumtupa, na hilo lisemwe wazi. Vijana walikata nguzo mbili, wakafunga blanketi, ikawa machela, na mwanamke yeyote akishikwa na uchungu wanaume wanne walikwenda kumchukua mkunga. Huko milimani machela hutumika kumbeba mzazi kumpeleka hospitali; kumbeba mkunga kumpeleka kwa mzazi lilikuwa jambo jipya, na watu walilifurahia. Watoto walikimbia pembeni wakiimba. Efrazia alilala chali akitazama mawingu, anajiona kama gunia la kabichi linalopelekwa mnadani.

Kisha ikaja Jumatatu, siku ya shamba la ujamaa. Wanaume wote walikuwa bondeni wakipanda maharage, na Salma, mke wa mwenye duka, akashikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza. Msichana aliyetumwa kuita wabebaji aliteremka kwa haraka, lakini kushuka bonde na kupanda si mchezo. Efrazia hakungoja. Alitoka na fimbo, na penye mteremko mkali akaketi chini akajiburura kwa makalio kwenye matope. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa na bibi mmoja amekata kitovu. Salma alikuwa amepoteza damu nyingi mno. Efrazia alimkanda tumbo mpaka damu ikakatika, akamfunika, akamnywesha uji. Kisha akaenda kuketi mlangoni, akalia mbele za watu, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumwona akilia.

Siku hiyo aliamua kwamba lazima apate kiatu, hata kwa kusema lile neno ambalo maisha yake yote alilikimbia.

Njia ilikuwa moja tu. Serikali ilikuwa imeleta utaratibu mpya: kila kijiji kijaze fomu ya mahitaji yake, mkutano wa kijiji uipitishe, iende Wilayani, kutoka hapo Mkoani. Asiyeandikwa na kijiji chake hayupo. Katika fomu hiyo, chini ya barabara na zahanati, palikuwa na mstari: *Wasiojiweza, majina na mahitaji yao.*

Aliyeshika fomu alikuwa Rubeni, mwenyekiti wa kijiji, mtu wa kwaya, mrefu, msafi wa nguo na wa maneno. Kijiji chake kilikuwa cha kwanza kumaliza vyoo na cha kwanza kumaliza darasa la watu wazima, na Rubeni alitaka kiendelee kuwa cha kwanza. Efrazia alimheshimu. Pia alijua kitu ambacho kijiji hakikukijua.

Miaka tisa nyuma alimzalisha Secilia, mke wa Rubeni, mtoto wa kike ambaye nyayo zake zote mbili zilikuwa zimepinda kutazama ndani. Wakamwita Dina. Wakasema atatolewa nje akipata nafuu. Nafuu haikuja, na kadiri miaka ilivyozidi ndivyo ilivyokuwa vigumu kueleza. Kijiji kiliambiwa mtoto ni mgonjwa wa kifua, hawezi baridi. Rubeni hakuwa katili hata kidogo. Alimjengea binti yake kibaraza nyuma ya nyumba, akakizungushia migomba, na kila jioni alimbeba huko na kumsomea habari za gazetini. Efrazia alikwenda kumtazama mara kwa mara. Zamani, fungu likiwa bado Lushoto, alimwambia Rubeni mara mbili, "Mpeleke kwa Nathanieli, achukuliwe kipimo." Mara zote mbili Rubeni alijibu, "Baada ya mavuno, dada." Kisha fungu likaondoka.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule, watu wamejaa mpaka madirishani. Mgeni alikuwa Francis, bwana maendeleo kutoka Tanga, kijana anayetetemeka kwa baridi ndani ya shati lake la mikono mifupi. Katibu Silvano alikaa na kalamu. Rubeni alisoma fomu kwa sauti yake ya kwaya: barabara, bomba la maji, mabati ya zahanati. Alipofika kwenye mstari ule alinyanyua kichwa.

"Wasiojiweza: hakuna."

Makofi yakapigwa. Watu walifurahi kwelikweli, kama walioambiwa hakuna mwenye njaa.

Efrazia akasimama kwa fimbo yake. "Mwenyekiti, hapo naomba niandikwe mimi."

Wakacheka, wakidhani ni utani wake. Raheli, mama wa watoto wanne waliopokewa na Efrazia, akasema kwa sauti, "Shangazi! Wewe ndiye unayetuweza sisi sote!"

"Niandikeni."

Kicheko kikafifia. Mzee mmoja nyuma akasema, "Ee mwanangu, tumekukosea nini? Tumewahi kukataa kukubeba?"

"Hamjawahi, baba. Na ndiyo maana imenichukua miezi mitatu kusimama hapa. Mnanibeba vizuri, Mungu awabariki. Lakini nikibebwa nafika pale mabega yenu yanapokuwa na nafasi. Mtoto wa Salma hakungoja mtoke shambani."

Salma, mtoto kifuani, aliinamisha uso.

Francis akakohoa. "Shikamoo mama. Sasa, fomu inasema asiyejiweza. Wewe una kazi yako, tena kubwa. Huko Mkoani wanaweza kuuliza."

"Marahaba, mwanangu. Nina kazi nikiwa na kiatu. Wakiuliza, waambie waje wanione bila kiatu."

Rubeni alikuwa amekunja fomu. "Dada Efrazia, wewe ni heshima ya kijiji hiki. Tukuandike kwenye mstari mmoja na ombaomba? Watu wa Mkoani watusomeje? Mkono wangu hautaandika hilo."

Efrazia alimtazama. Neno lilimjia mpaka kwenye meno. Angeweza kulisema pale pale, kwamba hiyo *hakuna* uliyoisoma ina uwongo ndani yake, na uwongo wenyewe una miaka tisa na unaketi nyuma ya migomba yako. Darasa zima lingegeuka. Na Rubeni alijua kwamba Efrazia anaweza kulisema. Alionekana kama mtu anayengoja kofi. Lakini mkunga huacha ndani ya nyumba alichokiona ndani ya nyumba, na Efrazia hakuwahi kutoa siri ya mlango wowote. Akameza neno lake.

"Kama mkono wako hauwezi," alisema kwa upole, "wangu utaandika."

Akaenda mpaka mezani, hatua kwa hatua, mguu mbovu ukiburuta bila kiatu mbele ya watu wote, akaichukua fomu mkononi mwa Rubeni na kalamu mkononi mwa Silvano. Akakata *hakuna*. Akaandika jina lake, na mbele yake: *kiatu cha chuma, mguu wa kushoto.* Alikuwa mtoto wa miaka minne alipoanza kukazana asiitwe hivyo, na sasa alijiita mwenyewe, kwa wino. Alijisikia kama amevuliwa nguo. Alirudi kuketi bila kumtazama mtu.

Rubeni akatoka nje. Hakuaga, hakufunga mkutano. Minong'ono ikazuka. Wako waliosema amekasirika, wako waliomlaumu Efrazia kwa kumwaibisha mbele ya mgeni. Silvano aliifuta fomu vumbi ambalo halikuwepo. Kiatu chenyewe, tuseme kabisa, kilikuja, baada ya miezi minane na barua mbili zaidi, kikiwa kimepungua kidogo kwenye vidole, kwa sababu aliyechukua kipimo hakupiga magoti. Efrazia alikivaa hivyo hivyo, akapanda milima peke yake. Lakini siku ile darasani hakujua kama kitakuja, na alikuwa na hakika amempoteza Rubeni.

Mlango ukafunguka. Rubeni aliingia akihema, amembeba mgongoni binti mkubwa aliyevalishwa gauni la Krismasi. Miguu yake iliyopinda ilining'inia pande mbili za kiuno cha baba yake, wazi, bila khanga juu yake. Secilia alikuwa nyuma yao, ameshika mkono wa binti. Alikuwa analia na hakujifuta.

"Huyu ni Dina," Rubeni alisema, na sauti ya kwaya haikuwepo. "Mwanangu. Hana ugonjwa wa kifua. Silvano, andika wawili."

Watu waliangalia sakafu, waliangalia dari, Francis aliangalia fomu. Dina aliuficha uso shingoni mwa baba yake, kisha akautoa. Hakuwahi kuona watu wengi namna ile. Lakini mama yake alikuwa amemlea kwa adabu kama mtoto yeyote wa milimani, ingawa watu wa kuamkia hakuwa nao.

"Shikamooni," akasema.

Darasa zima likaitikia, wazee kwa wanawake, ndani na madirishani, "Marahaba, mwanetu."