Dirisha la Mama Mkwe

Nakumbuka siku ile mama mkwe wangu alipoamuru ukuta wangu utobolewe. Mwanangu, nilikuwa bibi harusi mbichi, nimetoka Merigi kuolewa Sosiot. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa kikapu cha majani chai. Sikulalamika. Lakini ukuta ule niliukandika kwa mikono yangu mwenyewe, ndio kwanza umekauka, na yeye huyo amekuja na fundi.

"Toboa hapa. Dirisha iangalie jikoni yangu."

Nililia. Niliamini hanipendi, anataka kunichunguza nikiunguza ugali. Dirisha lilipokwisha nikalifunika kwa blanketi kuukuu, nikaapa halitafunuliwa.

Mvua ndefu zikaja, nami nikalala na homa, mume wangu yuko zamu kiwandani. Asubuhi nikasikia dirisha linagongwa polepole. Nikavuta blanketi pembeni. Mkono ukaingia, umeshika kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha.

"Mama, pita mlangoni," nikamwambia kwa aibu.

"Nikipita kwa mlango mimi ni mgeni, utaamka unipikie chai. Hapa ni mimi tu. Kunywa."

Nilikunywa huku nalia tena, safari hii kwa furaha. Nilikuwa na mama, kumbe! Tangu hapo dirisha lile lilipitisha chumvi, makaa ya moto, umbea wa Sosiot nzima, na baadaye watoto wangu, wakipokewa upande wa pili kama vikapu vya chai.

Juzi mjukuu wangu anayesomea ujenzi alinieleza kwamba neno dirisha asili yake ni Kiajemi, na huko lilikuwa na maana ya mlango mdogo. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Mama mkwe hakuwahi kumwona Mwajemi, lakini mlango wake mdogo aliutumia mpaka Mungu alipomwita.

Basi mwanangu, ukijenga, madirisha yote yasiangalie barabara. Acha moja liwaangalie watu wako. Na mkono ukiingia, onja kwanza ulicholetewa kabla hujahukumu, maana nia njema ni tabibu. Mungu akupe nyumba yenye joto na watu wa kukugongea dirisha, kisha akujalie uzee mwema, uwe wewe unayesimama nje na kibuyu.